Jinsi ya kupitisha plasmidi ndani ya Anabaena na kusoma heterosisti zake

Weka tone la Anabaena, sianobakteria (bakteria wa usanisinuru) anayeishi kama uzi wa seli, kwenye slaidi saa 24 baada ya kuinyima naitreti, kisha litazame kwa lenzi ya mara 40. Utaona nyuzi za seli za kijani zilizopangana kama shanga. Kila baada ya seli 10 hivi, pengine 12, pengine 15, ipo moja isiyofanana na wenzake: imepauka, imekua kidogo, ukuta wake ni mnene, na pale inapogusana na jirani kuna kinukta kinachong'aa kila upande. Hiyo ndiyo heterosisti, na humo ndimo naitrojeni ya hewani inamogeuzwa kuwa amonia. Nimeziangalia kwa miaka, na bado zikitokea huwa namwita aliye karibu aje aone.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara anayejua kushika pipeti na kukuza E. coli, lakini hajawahi kuingiza jeni ndani ya sianobakteria wanaofunga naitrojeni. Nitakupeleka kuanzia maji ya kukuzia hadi kuhesabu. Jambo moja nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi za wengi: kwa bakteria huyu, idadi tu ya nakala za jeni inatosha kubadilisha mpangilio wa seli. Plasmidi uliyoingiza, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, si gari tu la kubebea jeni. Yenyewe ni sehemu ya jaribio, na usipoipima peke yake utaandika matokeo ambayo si ya kweli.

Kwanza elewa unachokitazama

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Naitrojinesi, kimeng'enya kinachofunga naitrojeni, huharibiwa na oksijeni. Usanisinuru nao huzalisha oksijeni mchana kutwa. Anabaena imetatua ugomvi huo kwa kujenga zizi la pili. Heterosisti huzima fotosistimu ya pili, ile inayopasua maji na kutoa oksijeni, ikabaki na fotosistimu ya kwanza inayoipa nishati. Hujifunika kwa tabaka la mafuta maalumu ya glikolipidi, na juu yake tabaka la polisakaridi, ili oksijeni ya nje isipenye kwa urahisi. Kufunga molekuli moja ya naitrojeni hugharimu molekuli 16 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, na sukari ya kuendeshea kazi hiyo hutoka kwa seli za kawaida zilizo jirani. Malipo yake hurudi kama glutamini na asidi amino nyingine. Vile vinukta vinavyong'aa kwenye ncha ni akiba ya naitrojeni inayoitwa sianofisini.

Heterosisti ikishakomaa haigawanyiki tena na hairudi kuwa seli ya kawaida. Kumbuka hilo, maana ndilo litakaloamua uchague plasmidi gani.

Amri huanza hivi. Naitrojeni ikiisha, kiasi cha 2-oksoglutareti hupanda ndani ya seli, na protini iitwayo NtcA huihisi. NtcA husaidia kuamsha HetR, ambayo ndiyo kiongozi wa mabadiliko yote. HetR nayo huamsha jeni ya patS, inayotoa peptidi ndogo inayosafiri kwenda kwa majirani na kuwakataza wasigeuke. Kipande chake cha asidi amino tano, RGSGR, kinatosha kufanya kazi hiyo. Mvutano kati ya HetR inayosukuma na PatS inayozuia ndio unaopanga zile shanga.

Waliosoma kunde na rizobia, bakteria wa mizizi ya kunde, huja na dhana ambayo hapa haifai. Kwa rizobia wengi, jeni za kufunga naitrojeni zimo kwenye plasmidi kubwa. Kwa Anabaena PCC 7120 sivyo. Bakteria huyu ana kromosomu moja ya takribani jozi za besi milioni 6.4 na plasmidi sita za asili, zilizopewa majina ya herufi za Kigiriki kuanzia alfa hadi zeta. Alfa ina jozi karibu 408,000 na zeta ina 5,600 hivi. Haya yalijulikana mwaka 2001, pale taasisi ya Kazusa ya Japani ilipomaliza kusoma jenomu yake. Lakini hetR na ntcA (jeni za protini HetR na NtcA), patS na jeni za nif zinazojenga naitrojinesi zote zimo kwenye kromosomu. Kwa hiyo ukiongeza hetR kwenye plasmidi unaongeza nakala juu ya zilizopo, na seli moja ya 7120 tayari ina nakala kadhaa za kromosomu yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua aina sahihi

Chukua Anabaena PCC 7120, ambayo wengine huiita Nostoc PCC 7120. Herufi PCC ni za hifadhi ya Taasisi ya Pasteur, Paris. Karibu vifaa vyote vya kijenetiki vilitengenezwa kwa ajili yake.

Najua kishawishi kilichopo huku kwetu. Mashamba ya mpunga yana Azolla, jani dogo linaloelea, na ndani ya tundu la jani lake wanaishi sianobakteria wenye heterosisti nyingi kuliko wowote unaoweza kukuza kwenye chupa. Mwanafunzi huona vyema aanzie hapo. Usianzie hapo. Mkazi mkuu wa Azolla, Nostoc azollae, amepoteza jeni nyingi kwa kukaa ndani ya mmea hivi kwamba hakui nje yake. Ukikamua jani na kupata koloni nzuri za kijani kwenye agari, umepata mpangaji mwingine tu aliyekuwa karibu. Azolla ni somo zuri la hadubini, ila plasmidi zako zipeleke kwa 7120.

Hatua ya 2: Tengeneza maji ya kukuzia ya BG-11

Kwa lita moja ya maji safi sana:

- sodiamu naitreti gramu 1.5
- K2HPO4 gramu 0.04
- MgSO4 yenye maji saba gramu 0.075
- CaCl2 yenye maji mawili gramu 0.036
- asidi sitriki gramu 0.006
- sitreti ya chuma na amonia gramu 0.006
- EDTA gramu 0.001
- sodiamu kaboneti gramu 0.02
- mililita 1 ya mchanganyiko wa madini madogo

Madini madogo hutengenezwa kando, pia kwa lita moja: asidi boriki gramu 2.86, MnCl2 yenye maji manne 1.81, ZnSO4 yenye maji saba 0.222, Na2MoO4 yenye maji mawili 0.39, CuSO4 yenye maji matano 0.079, na kobalti naitreti yenye maji sita 0.0494. Usipunguze molibdenamu. Naitrojinesi imejengwa kuzunguka madini hayo, na bila hayo nyuzi zako zitaunda heterosisti zisizofunga chochote.

Tengeneza aina tatu. Ya kwanza ni BG-11 kamili. Ya pili ni BG-11 sufuri, yaani ileile bila sodiamu naitreti. Ya tatu ni BG-11 isiyo na shaba, ambayo tutaihitaji mwishoni. Kwa agari, chemsha agari na chumvi katika chupa tofauti, kila moja ikiwa na nguvu maradufu, kisha zichanganye zikiwa zimepoa hadi unaweza kuishika chupa. Ukizichemsha pamoja kwenye otoklevu, koloni zitaota kwa kusuasua au zisiote kabisa.

Hatua ya 3: Kuza, na uijaribu mbegu yako kabla ya kitu kingine chochote

Joto nyuzi 28 hadi 30, mwanga wa mikromoli 30 hadi 50 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, chupa ikitikiswa taratibu. Kama huna kipima mwanga, tyubu mbili nyeupe kwa umbali wa nusu mita zitakufikisha. Umeme ukikatika usiku mmoja, Anabaena haifi, lakini jaribio la saa 24 lililokuwa linaendelea litupe na uanze upya. Saa za giza huchelewesha mabadiliko, na hutajua kwa kiasi gani.

Sasa chukua kiasi kidogo cha mbegu yako, ioshe, ipande kwenye BG-11 sufuri na usubiri wiki moja. Je, inakua? Je, ina heterosisti? Hatua hii watu huiruka. Aina iliyokaa miaka mingi kwenye naitreti, ikihamishwa chupa hadi chupa, haina sababu ya kutunza uwezo wa kufunga naitrojeni. Ikitokea seli iliyoupoteza, hakuna kinachoiadhibu, na polepole inaweza kutawala chupa nzima. Niliwahi kutumia miezi mitatu nikiamini plasmidi yangu inazuia heterosisti, kumbe mbegu niliyopewa ilikuwa haziundi tangu siku ya kwanza. Tangu hapo mbegu ya akiba naitunza kwenye BG-11 sufuri. Inakua polepole zaidi, lakini kila siku inalazimika kuthibitisha kwamba bado inaweza.

Hatua ya 4: Chagua plasmidi, na uhesabu maeneo ya kukatwa

Plasmidi itakayoishi ndani ya Anabaena inahitaji vitu vinne: asili ya kunakiliwa (mahali DNA inapoanzia kunakiliwa) inayofanya kazi ndani ya E. coli, asili nyingine inayofanya kazi ndani ya Anabaena, jeni ya kuhimili antibiotiki, na eneo la kuanzia uhamisho. Kwa 7120, asili iliyozoeleka zaidi ni pDU1, iliyotolewa kwenye plasmidi ya asili ya Nostoc PCC 7524. Plasmidi kama pRL25C, yenye pDU1 na uwezo wa kuhimili kanamaisini na neomaisini, ni pa kuanzia pazuri.

Njia hii tunaidai kwa Peter Wolk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walioonyesha mwaka 1984 kwamba E. coli anaweza kupitisha plasmidi kwa sianobakteria wenye nyuzi wanaofunga naitrojeni. Baadaye waligundua pia kwa nini mara nyingi inashindikana. Anabaena 7120 ina vimeng'enya vya kukata DNA ngeni vinavyotambua maeneo yaleyale ya AvaI, AvaII na AvaIII. Kila eneo la namna hiyo kwenye plasmidi yako ni mlango mmoja zaidi wa kuipoteza. Fungua mfuatano wa plasmidi kwenye kompyuta uyahesabu. AvaII, inayotambua GGACC na GGTCC, ndiyo huonekana mara nyingi zaidi. Unayoweza kuyaondoa, yaondoe. Yaliyobaki utayalinda kwa pRL623, plasmidi msaidizi inayokaa ndani ya E. coli na kuweka alama za methili mahali ambapo Anabaena ingekata.

Halafu kuna suala la swichi. Mwaka 1991 William Buikema na Robert Haselkorn wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba nakala za ziada za hetR kwenye plasmidi zinaifanya Anabaena iunde heterosisti kwa makundi, mbili mbili au tatu tatu zikifuatana, hata kukiwa na naitreti. Ni matokeo mazuri mno kuyaona, lakini fikiria yanamaanisha nini kwa chupa yako. Seli iliyogeuka haizai. Plasmidi inayolazimisha seli kugeuka inawaadhibu walioibeba, na kila seli iliyoiharibu jeni hiyo kwa bahati itawapita wenzake mbio. Baada ya wiki kadhaa chupa itakuwa imejaa waasi. Ndiyo maana hetR, na hata patS, huwekwa nyuma ya promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya petE, inayowashwa na shaba. Unakuza bila shaba, swichi imezimwa, kisha unaiwasha siku ya kupima.

Tengeneza plasmidi mbili na kuzitunza kama mapacha: moja yenye jeni yako na nyingine tupu, yaani ileile yenye promota na kila kitu isipokuwa jeni. Ziende pamoja kila hatua kuanzia hapa.

Hatua ya 5: Konjugesheni

Hapa E. coli anagusana na Anabaena na kumpitishia plasmidi. Utahitaji E. coli wa aina mbili. Wa kwanza amebeba plasmidi yako pamoja na pRL623. Mkuze kwenye kanamaisini na kloramufenikoli. Wa pili amebeba pRL443, plasmidi ya kuendesha uhamisho. Mkuze kwenye ampisilini. Wakuze usiku mmoja kwa nyuzi 37, asubuhi wahamishe kwenye LB (maji ya kukuzia E. coli) mpya kwa saa mbili au tatu hadi wawe wachanga na wenye nguvu. Waoshe mara mbili kwa LB isiyo na dawa. Usiwatikise kwa mashine ya vorteksi. Uhamisho hupita kwenye vinyweleo vya pilasi, navyo hukatika ovyo. Pindua tyubu kwa mkono tu. Changanya aina zote mbili na uziache zitulie kwa nusu saa.

Upande wa Anabaena, chukua chupa changa yenye kijani kilichokolea cha kuelekea buluu. Ya zamani iliyoanza kuwa na manjano iache. Pima klorofili: toa kwa methanoli, soma ufyonzaji kwenye nanomita 665, zidisha kwa 13.4 upate mikrogramu kwa mililita. Kusanya seli kwa mzunguko wa taratibu hadi zifikie mikrogramu 10 hivi kwa mililita. Kama una mashine ya mawimbi ya sauti, katakata nyuzi ziwe fupi, seli chache kila kipande, ili koloni itokane na seli chache na isibebe mchanganyiko.

Changanya E. coli na Anabaena, tandaza kwenye utando wa chujio uliolazwa juu ya agari ya BG-11 yenye asilimia 5 ya LB. Ile LB kidogo ni chakula cha E. coli kwa siku hiyo moja. Weka kwenye mwanga hafifu kwa saa 24. Kesho yake hamisha utando kwa kibano kwenda kwenye BG-11 yenye neomaisini. Mikrogramu 25 hadi 50 kwa mililita ndicho kiwango cha kawaida, lakini wiki moja kabla jaribu Anabaena yako isiyo na plasmidi kwenye viwango vinne ili ujue inafia wapi kwenye mwanga wa maabara yako. Hamishia kwenye sahani mpya kila baada ya siku tatu au nne.

Kisha kaa usubiri. Siku ya tano utando wote huwa umefifia na kuwa wa manjano, na utadhani umepoteza kila kitu. Kati ya siku ya 10 na 14, ukiinua sahani kuelekea dirishani, utaona vitone vya kijani ukubwa wa ncha ya pini.

Hatua ya 6: Safisha na uthibitishe

Chukua koloni sita za kila plasmidi, si moja. Zichore kwa kitanzi kwenye sahani mpya zenye neomaisini, mara tatu mfululizo. E. coli hawezi kustawi kwenye BG-11 isiyo na sukari, lakini anaweza kuvizia akiwa hai kwa wiki nyingi. Dondosha tone la kila chupa kwenye LB na uiweke nyuzi 37 usiku mmoja. Kikiota chochote, rudia kuchora.

PCR peke yake isikuridhishe. Itakuambia jeni ipo, haitakuambia kama plasmidi imejipanga upya. Toa DNA ya Anabaena, iingize ndani ya E. coli, chagua kwa kanamaisini, kisha toa plasmidi uikate kwa vimeng'enya na kuilinganisha na ya mwanzo. Hii hukugharimu siku tatu. Kwa plasmidi zenye hetR usiiache kamwe, kwa sababu ile niliyoeleza juu ya waasi.

Hatua ya 7: Nyima naitrojeni

Kuza aina tatu sambamba: mzazi asiye na plasmidi, mwenye plasmidi tupu, na mwenye plasmidi yenye jeni. Kila moja iwe chupa tatu. Ukitaka kuanza bila heterosisti hata moja, tumia amonia kloridi milimola 2.5 badala ya naitreti, pamoja na bafa ya HEPES ili asidi isipande.

Kuosha ndiko kunakoamua. BG-11 ina naitreti milimola 17.6. Ukizungusha mililita 50, ukamwaga na kubakiza 1 chini, kisha ukajaza tena, umepunguza mara 50: bado kuna milimola 0.35, nyingi kwa nyuzi chache zenye njaa. Osha mara tatu na inashuka chini ya mikromola moja. Zungusha kwa nguvu ndogo, mara 1,500 ya uvutano kwa dakika tano, na usinyonye kwa pipeti yenye mdomo mwembamba, kwa sababu nyuzi hukatikia palepale penye heterosisti. Kata ncha ya pipeti kwa mkasi safi. Mara ya mwisho jaza BG-11 sufuri, rudisha kwenye mwanga na uandike saa. Hiyo ni saa sufuri.

Tazama rangi. Ifikapo saa 12 chupa itakuwa imepoteza ubuluu na kuelekea manjano, kwa kuwa seli zinakula fikobiliprotini zao wenyewe ili kupata naitrojeni ya kujengea heterosisti. Kuanzia saa 24 hadi 30 kijani kinarudi. Aina isiyounda heterosisti hubaki ya manjano na mwisho hufa. Kwa jicho tu, bila hadubini, umeshajua jibu la nusu ya swali lako.

Hatua ya 8: Hesabu

Chukua tone saa 0, 6, 12, 18, 24 na 48. Saa 12 heterosisti changa ni vigumu kuzitambua kwa mwanga wa kawaida. Tumia rangi ya alsiani buluu (Alcian blue), asilimia 0.5, kiasi sawa na tone lako: ukuta wa polisakaridi unaanza kushika rangi ya buluu wakati seli zingine hazishiki. Kama hadubini yako ina taa ya florisensi, washa mwanga wa kijani: seli za kawaida hung'aa nyekundu, na zinazogeuka hufifia kama makaa yanayozimika.

Hesabu vitu viwili, tofauti. Kwanza, seli za kawaida zilizo kati ya heterosisti mbili. Fanya hivyo kwa nafasi zisizopungua 100 kwa kila chupa. Pili, mara ngapi heterosisti mbili au zaidi zinafuatana bila seli kati yake. Usitoe asilimia peke yake. Uzi wenye heterosisti 10 kwa 100 zilizopangika vizuri na uzi wenye heterosisti 10 zilizorundikana mahali pamoja vina asilimia ileile, lakini la kwanza ni mpangilio na la pili ni ugonjwa. Mpe mtu mwingine slaidi zisizo na majina ahesabu pia. Macho yenye matumaini huona kinachotakiwa.

Saa 48 usiiruke. Seli za kawaida zinaendelea kugawanyika, nafasi zinarefuka, na katikati ya kila nafasi lazima itokee heterosisti mpya. Ukipoteza patS makundi huonekana mapema, tayari saa 24. Ukipoteza hetN, jeni nyingine inayozuia majirani wasigeuke, saa 24 kila kitu kinaonekana sawa, na makundi hujitokeza saa 48. Aliyehesabu mara moja tu angeandika kwamba hetN haina kazi.

Ukimaliza, linganisha kwanza mzazi na mwenye plasmidi tupu. Hao wawili wakitofautiana, simama hapo. Antibiotiki inaweza kupunguza kasi ya ukuaji. Nakala nyingi za kipande cha promota zinaweza kuteka protini iliyokusudiwa kwingine. Hata mzigo wenyewe wa kunakili plasmidi una gharama. Chochote utakachosema kuhusu jeni yako kipimwe dhidi ya plasmidi tupu, si dhidi ya mzazi.

Hatua ya 9: Washa swichi

Kuza kwenye BG-11 isiyo na shaba kwa vizazi kadhaa, kisha gawa chupa katika mbili. Moja iongeze shaba mikromola 0.3, kiasi kilekile cha BG-11 ya kawaida, nyingine iache. Zote ziwe na naitreti. Ikiwa hetR yako iko nyuma ya petE na yote yameenda sawa, yenye shaba itaunda heterosisti ilhali chakula kipo, na isiyo na shaba haitaunda. Kwa patS fanya kinyume: ondoa naitreti, na yenye shaba ndiyo itakayoshindwa kuunda. Wenye plasmidi tupu wasibadilike kwa lolote kati ya hayo.

Shaba hupenya kila mahali. Tulihangaika muhula mzima na swichi isiyozimika, chupa zote zikiunda heterosisti zikiwa na shaba au bila. Tulibadilisha promota, tukabadilisha mbegu. Mwisho mwenzangu mmoja alifungua mtambo wa kuchujia maji na kukuta koili ya ndani ni ya shaba. Tangu siku hiyo tunatumia maji yaliyopitishwa kwenye resini, na vyombo vyote vya kioo tunaviloweka kwenye asidi haidrokloriki nyepesi usiku mmoja kabla ya kazi hii.

Kama una mashine ya kromatografia ya gesi, malizia kwa kipimo cha asetilini: naitrojinesi huigeuza asetilini kuwa ethilini, na ethilini hupimika kwa urahisi. Heterosisti nyingi hazimaanishi naitrojeni nyingi. Uzi wenye makundi una wafanyakazi wengi wa kufunga na wachache wa kuwalisha sukari, na mara nyingi hukua vibaya kuliko mzazi wake. Wanaoota mbolea ya sianobakteria kwa ajili ya mpunga wanapaswa kulikabili jambo hili kabla ya kuahidi chochote kwa mkulima.

Hatua ya 10: Hifadhi na uharibifu

Gandisha kila aina kwenye nyuzi hasi 80 ndani ya DMSO asilimia 7, tyubu tatu kila moja, uzikinge na mwanga wakati wa kuyeyusha. Kila kilichobaki, pamoja na maji ya kuoshea na ncha za pipeti, kipitie otoklevu ya nyuzi 121 kwa dakika 20 kabla ya kutoka mlangoni. Hawa ni viumbe waliobadilishwa jeni wenye uwezo wa kuhimili dawa, na sheria za usalama wa viumbe za nchi yako zinawahusu hata kama ni mililita tano. Pata kibali cha taasisi yako kabla ya Hatua ya 5.

Kwenye kila tyubu andika jina la aina, plasmidi, antibiotiki, na tarehe ya mwisho ilipoonekana ikikua kwenye BG-11 sufuri.